Taa ya Benchi la Dirishani

18 Februari

Shoga yangu,

Hujambo wewe na mgeni wetu? Nasikia ni dume, na nasikia ni mpole kiasi kwamba majirani hawajui kama nyumba hiyo ina mtoto. Hongera sana. Mwambie shangazi yake anamsalimu na zawadi iko njiani, ila inatembea kwa miguu.

Usishangae kuona barua badala ya simu. Meneja amebandika tangazo jipya karibu na mlango wa choo, mahali ambapo hakuna wa kusema hakuliona. Mfanyakazi aliye kwenye likizo ya uzazi akifanya kazi yoyote, hata kupokea simu ya kazi, atahesabiwa amerudi na likizo yake imekwisha. Eti ni haki, mtu asilipwe kwa kupumzika huku anafanya kazi. Kwa hiyo simu yangu usiitarajie. Barua hii nimeitia kwenye kisanduku cha meno, na dereva atapitia kwako akipeleka meno bandia kliniki. Tumekuwa kama wachumba wa zamani.

Sasa nikuulize, na usinifiche. Seti ile ya taya la juu uliileta saa ngapi? Leo tumetoka kula tukaikuta kwenye benchi letu, upande wako wa dirishani, nta bado vuguvugu. Usiniambie si yako. Katika karakana nzima ni wewe tu unayelipindisha kidogo jino lililo jirani na chonge, ili meno yaonekane yameota yenyewe. Mimi ndiye ninayeisugua na kuing'arisha kazi yako miaka yote hii. Naijua kwa kidole, hata nikifumba macho.

Kama ulipita, ungengoja tukuone. Kama unafanyia kazi nyumbani, acha, tafadhali. Zamu ya likizo inayofuata ni yangu. Tumbo langu sasa linafika kwenye benchi kabla yangu, na sitaki kuambiwa kwamba mwenzangu aliweza.

Wako,
Msasa

20 Februari

Msasa wangu,

Nimeicheka barua yako hadi nikashika mbavu, kisha nilipofika kwenye yale meno nikaacha kucheka.

Sijatoka nje ya geti tangu nirudi kutoka hospitali. Mama yuko hapa ananilinda kama askari jela, hata ndoo ya maji haniachii. Nta sina, kisu changu nilikiacha kwenye droo, na usingizi wenyewe naupata kwa kuiba. Baba mtoto alipewa siku tatu, kama mtu aliyefiwa na jirani, akarudi kwenye malori yake. Unadhani nina nafasi ya kutengeneza meno ya watu?

Itakuwa ni seti niliyoiacha mimi, mtu akaipasha moto. Waulize vizuri.

Mtoto hajambo. Ni kweli ni mpole. Ananyonya, anatazama, analala. Hajalia hata siku aliyozaliwa. Mkunga alimpiga kofi la matakoni akafungua macho tu, akamtazama kama anayeuliza sababu. Daktari amempima akasema mapafu mazima, niache kutafuta ugonjwa. Tunamwita Kimya mpaka baba yake akubali jina. Kila anayekuja ananiambia nina bahati, na mimi naitikia.

Wako,
Mama Kimya

27 Februari

Mama Kimya,

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Wiki hii kila siku, kila tukitoka kula, kuna kazi mpya upande wako. Hatuachi fundi hata mmoja ndani saa hiyo, mlango tunaurudisha wenyewe. Seti ya leo ilikuwa ya mteja aliyepimwa jana. Jana, shoga. Sasa ni nani aliyeipasha moto?

Meneja anazunguka na hizo seti kama bwana harusi. Leo amesimama katikati ya karakana akasema, "Mnaona? Mwenzenu ana mtoto mchanga na kazi inakwenda. Mtu akipenda kazi yake, hahitaji kukaa nyumbani miezi mitatu." Kisha akanitazama mimi, na si usoni.

Jioni nikaenda kumuuliza likizo yangu. Akasema tutaona hali. Mkataba unasema miezi mitatu, hausemi hali. Wengine hapa wameanza kukuita kipenzi cha meneja. Nilikutetea wiki iliyopita. Leo niliinamia kazi yangu.

Kama ni shida ya pesa, niambie tuchangishane. Kama ni yeye anakulazimisha, niambie twende kushtaki. Lakini usinifanye mjinga.

Msasa

2 Machi

Msasa,

Maneno yako yameniuma, na bado nakujibu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia haya.

Sifanyi kazi. Nakuapia kwa huyu mtoto. Lakini kuna kitu.

Kila siku mchana, nikishamnyonyesha, usingizi unanichukua hapo hapo nilipo, mzito, wa kuangukia. Mama anasema hata akinitikisa siamki. Nilidhani ni uchovu wa uzazi. Juzi nilipoamka nilikwenda kumkatia Mama kitunguu, nikaona kucha zangu. Chini ya kila ukucha kulikuwa na nta ya rangi ya waridi, ile ya karakana. Nilizisugua kwa maji moto na mswaki. Jana ilikuwepo tena, na kidole gumba kina alama ya kushika kisu.

Nikamuuliza Mama kama huwa naamka. Akasema hapana, nalala kama gogo, ila nahema. Nahema kama mtu anayepandisha ngazi na mzigo, nasaga meno, kisha natulia, kisha naanza tena. Hakuniambia mapema akijua nitaogopa.

Na Kimya, muda wote huo, anakuwa macho. Mama anasema anatazama mlango.

Mama Kimya

5 Machi

Kwa Fundi wa Nta,

Yah: Kukoma kwa likizo yako ya uzazi

Uongozi umeridhika pasi na shaka kwamba umekuwa ukitekeleza majukumu yako katika kipindi cha likizo, kama kazi zilizokamilika zinavyothibitisha. Kwa mujibu wa kanuni iliyotangazwa, mfanyakazi aliyefanya kazi amerudi kazini. Likizo yako imekoma. Unatakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 16, vinginevyo itachukuliwa kwamba umeacha kazi.

Uongozi unakupongeza kwa moyo wako wa kujituma.

Meneja

6 Machi

Msasa,

Nimekutilia humu barua ya Meneja uisome mwenyewe. Ananifukuza na kunipongeza kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo nirudi tarehe 16, nimwache mtoto ambaye hata shingo haijakaza, au nikose kazi. Na baba yake mshahara wake ni wa kufikia katikati ya mwezi, unajua. Sina ujanja.

Halafu jambo jingine. Jana nilimtuma Mama dukani kwa mshumaa, nikauyeyusha, nikajaribu kuviringa jino moja. Moja tu, la mbele, ambalo ningeliviringa nikiwa nasinzia. Sikuweza. Vidole havijui pa kuanzia. Nilikaa na bonge la nta mkononi kama mtoto na udongo. Ule ujuzi wote haupo, Msasa. Nimeutafuta kama mtu anavyotafuta funguo mfukoni, na mfuko ni mtupu.

Kama si mimi ninayekuja huko, basi ni nani aliye na mikono yangu? Nakuomba ubaki ndani saa ya kula. Uniangalizie.

Mama Kimya

10 Machi

Shoga yangu,

Nisamehe kwa yote niliyokuandikia. Kwanza hilo.

Leo niliwaambia wenzangu miguu imevimba, nikabaki nimekaa nyuma ya makabati ya unga wa plasta. Walipotoka, karakana ikatulia. Jua lilikuwa limejaa dirishani kwako. Nilisikia kisu kikigusa nta kabla sijaona kitu. Unaijua sauti ile, tik, tik. Nikachungulia.

Ulikuwa umekaa kwenye stuli yako. Aproni ya kijani iliyochanika mfukoni, kilemba chako cha kazini. Nilitaka kukurukia nikutukane. Kisha ukageuka kidogo kuchukua kijiko, nikaona tumbo. Shoga, una mimba. Tumbo lile la siku zako za mwisho, limeshuka, limekaa mapajani.

Alikuwa anachonga. Kila baada ya muda mfupi aliacha, akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili, akahema kwa mdomo, akang'ata meno, akangoja. Kisha akafuta jasho akaendelea. Mimi nimeshazaa mara mbili, sihitaji kuambiwa kile ni nini. Ni uchungu.

Nilimwita kwa jina lako. Hakunitazama. Akasema, kwa sauti yako hii hii, "Nimalizie hili tu."

Nilifumba macho kwa hofu. Nilipofumbua stuli ilikuwa tupu na ya moto.

Nikasogea kuangalia taa yako ya spiriti, ile ya kuyeyushia nta. Nilidhani imezimwa. Nikapitisha kiganja juu yake nikaungua. Unajua mwali wa spiriti hauonekani juani. Ndiyo maana katika karakana hii hakuna fundi anayezima taa yake mwenyewe. Jirani wa benchi ndiye anayeifunika, akahakikisha kwa mkono, akamwambia mwenzake, "Umetoka." Sasa niambie. Siku ile uchungu ulipokuanza mimi nilikuwa kliniki kupima. Ni nani alifunika taa yako?

Nakutumia kwenye kisanduku hiki kile alichokuwa anachonga. Sikujua nikiweke wapi. Si cha mteja yeyote.

Msasa

12 Machi

Msasa,

Hakuna aliyeifunika.

Uchungu ulianza asubuhi. Nikamwambia Meneja, akatazama saa, akasema mteja yuko njiani, seti imebaki meno manne, na uzazi wa kwanza hauna haraka. Sikutaka ugomvi. Nikasema nimalizie hili tu. Nikamaliza, halafu akaleta jingine la kurekebisha. Saa ya kula walitoka wote. Nilichonga nikiwa nimeshika benchi, kama ulivyoona. Maji yaliponimwagikia hadi kwenye viatu ndipo akaita gari. Alinisindikiza mlangoni, na mkononi alibeba yale meno, si mkoba wangu. Mtu wa kuniambia nimetoka hakuwepo. Nakumbuka nilitazama nyuma nikiwa kwenye gari, kama mtu aliyesahau kitu jikoni.

Nimekifungua kisanduku. Kaakaa la nta, dogo kama ganda la yai, na fizi zisizo na meno. Nimenawa mikono nikamtia Kimya kidole mdomoni. Matuta ya kaakaa lake ni yale yale, hata kile kijibonde upande wa kushoto. Mama ameniona nikirudia kumpapasa kaakaa akaninyang'anya mtoto.

Sasa nikuambie wazo baya, kwa sababu ni wewe. Nilikaa nikafikiri: na tumwache? Anafanya kazi, Meneja ameridhika, mimi niko na mwanangu. Nitakwenda kumwambia Meneja ukweli, achague mmoja wa kumlipa na mmoja wa kumwacha alee. Si ndivyo wanavyotaka, tuwe wawili kwa mshahara mmoja? Nimechoka. Nisingekuwa nimechoka nisingeyaandika.

Mama Kimya

13 Machi

Shoga,

Sikulaumu, lakini sikiliza.

Nimebaki tena jana na leo. Ule uchungu haupungui na hauzidi. Hausongi mbele. Tangu siku ile uliyopanda gari, huyo aliyebaki yuko kwenye maumivu yale yale, hajapewa hata dakika ya kulala chini, na mkono hauachi kazi. Leo midomo yake imepasuka kwa kung'atwa. Nilimpelekea maji, hakuyaona.

Ndiyo maana mtoto wako hajalia. Mimi si mganga wala daktari, nakuambia ninavyoona: kuna sehemu yako ambayo bado haijazaa. Huyo mtoto anatazama mlango kwa sababu anamngojea mama yake amalize.

Nataka kuifunika taa. Lakini ni yako, siwezi kuifunika bila wewe kusema. Na sijui itakuwaje kwako ukiwa huko. Andika neno moja umpe dereva; ananingoja nje na ananung'unika.

Msasa

13 Machi

Msasa,

Ifunike. Kesho saa ya kula. Nitakuwa nimekaa chini na mtoto mkononi, na Mama akiwa nyuma yangu.

Mama Kimya

14 Machi

Shoga yangu,

Nimefanya. Sijui wewe huko umeamkaje.

Walipotoka nilikwenda moja kwa moja nikasimama kando yake. Alikuwa amevimba macho. Nikachukua kifuniko cha kioo. Kabla sijakishusha mlango wa ofisi ukafunguka, Meneja akatoka na kikombe cha chai. Nikasema ahsante Mungu, sasa atamwona, sasa atajua alichokifanya.

Akatutazama sote wawili, akapuliza chai yake. Akasema, "Mwache, bado ana seti mbili."

Anamwona, shoga. Anamwona kila siku. Anapita nyuma yake na kikombe chake, anamwekea kazi mbele, anamsikia akihema, na hajaona cha ajabu. Mimi nilikuwa naogopa mzuka, kumbe ningemwogopa mwenye chai.

Sikumjibu. Nikaifunika taa, nikapitisha mkono juu kuhakikisha, nikamwambia, "Umetoka."

Kile kisu akakiweka chini. Akanitazama kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, "Kweli?" Nikamwambia kweli, nenda nyumbani, mtoto anakungojea. Akafuta mikono kwenye aproni, akasimama kwa shida, nami nikamshika kiwiko. Alikuwa mzito na wa moto kama mtu yeyote. Akapita mbele ya Meneja, na Meneja akasogea kumpa njia, kama anavyotupisha sisi sote jioni. Akatoka nje juani, nikawa simwoni tena.

Meneja akabaki anatazama benchi. Akauliza, "Sasa hizo seti mbili atamaliza nani?" Kisha akanitazama tumboni.

Niandikie upesi.

Msasa

14 Machi, jioni

Msasa wangu,

Tuko hai sote. Dereva amesema atangoja niandike, Mungu ambariki na manung'uniko yake.

Nilikuwa nimekaa sakafuni. Saa ya kula ilipofika usingizi haukuja. Badala yake yakaja maumivu, yote ya siku ile na ya siku zote nilizokuwa sipo, nikamng'ang'ania Mama hadi akalia yeye. Nikasema nakufa. Kisha nikasikia geti likifunguka. Mama anasema geti halikufunguka. Mimi nililisikia, na miguu yangu mwenyewe ikija uani, na kile kiatu changu kinachoburuta.

Kimya akageuza kichwa kutoka mlangoni, akanitazama mimi. Akakunja uso wote, akafungua mdomo, akalia.

Amelia hadi sasa. Ninavyoandika analia. Majirani wamekuja kuuliza kama kuna msiba, Mama anawacheka huku anafuta machozi. Kucha zangu ni safi. Nimeviringa jino la nta ya mshumaa, limetoka vizuri, nimelipindisha kidogo. Halafu nimelala kitandani nikiwa na mwanangu kifuani, na nilikuwa pale, Msasa, mimi mzima.

Sasa kuhusu tarehe 16. Kanuni inasema aliyefanya kazi amerudi. Haisemi chochote kuhusu aliyezuiwa kuondoka. Nitalalamika, baba mtoto anamjua mtu ofisi ya kazi na tutaandika tutakachoweza kukiandika bila kuonekana wendawazimu. Lakini hayo yanakwenda polepole, na tumbo lako haliendi polepole. Nimesoma barua yako mara nyingi, na kila mara nasimama pale alipokutazama.

Kwa hiyo Jumatatu nitakuja. Si kwa sababu ya barua yake. Nitakuja na mtoto mgongoni na atalia humo ndani mpaka plasta ipasuke, na Meneja akitaka anifukuze mbele ya watu. Nitakaa kwenye stuli yangu, kando yako. Siku yako ikifika, hata akikushika na seti kumi mkononi, mimi ndiye nitakayeifunika taa yako na kukutoa.

Mpaka hapo nakuomba jambo moja. Kesho ni Jumapili, najua Meneja ataita watu kwa kazi ya ziada. Usiende. Na Jumatatu ukitangulia kufika, fagia, panga vyombo, zungumza na watu. Usiwashe taa yako kabla sijafika.

Wako,
Mama Kelele